Akitundika Daluga, Anabaki Nani?

*Binti kaitwa kwenda kucheza mpira, mama anauliza maisha ya baadaye, bibi anauliza mume. Mhariri wenu alipigiwa simu kutoka Bahi, na jibu akalitafuta kwenye maisha ya kina dada waliovaa jezi ya Taifa kabla yake.*

Mpenzi msomaji, kuna simu ukishaipokea unajua kabisa leo usingizi hakuna. Yangu ilitoka nyumbani Bahi, mwendo wa saa moja hivi kutoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida. Ilikuwa saa tatu usiku, mwenyewe nimeshajifunga khanga, nasubiri chai yangu ipoe.

"Mdogo wangu, mbukwa," alisema kaka. Ukisikia Mgogo anaanza na mbukwa ya sauti ya chini namna ile, ujue kuna jambo.

"Mbukwa kaka. Kwema?"

"Kwema. Ila huyu binti yako ameitwa."

Binti yangu ni mwanawe, yule wa darasa la saba. Walimu walimwona kwenye mashindano ya UMITASHUMTA, na shule moja ya Dodoma mjini ikasema inamtaka kidato cha kwanza. Ada watamlipia, bweni watampa, kazi yake ni kusoma na kucheza mpira. Jibu linatakiwa Jumamosi.

Kabla sijapiga vigelegele, simu ikachukuliwa na wifi yangu. Huyu ni mwanamke wa maneno machache. Analima mpunga kule majarubani, ana akili kuliko wengi wetu tuliosoma.

"Wifi, mimi sina ubaya na mpira," alisema. "Niambie kitu kimoja tu. Siku akitundika hizo daluga, anabaki nani?"

Nyuma yake nikamsikia mama yangu mzazi: "Na muulize nani atamwoa!"

Kiukweli sikuwa na jibu. Nikaomba nipewe mpaka Ijumaa. Na kwa kuwa najua maswali haya mawili yanaulizwa kwenye nyumba nyingi, kuanzia Bahi Sokoni mpaka Mbagala, nikaona tuyajibu hapa hapa.

Mwanadada aliyepewa jina la winga

Hebu tuanze na Ester Chabruma. Mashabiki wa soka la wanawake wanamwita "Lunyamila". Kama umri wako unaruhusu, unamkumbuka Edibily Lunyamila, winga wa Yanga na Taifa Stars wa miaka ya 1990, yule aliyekuwa akiwapita mabeki kama amesimamishiwa milingoti. Basi Ester alivyoanza kufanya mambo yake uwanjani, watu wakakosa jina la kumpa, wakamwazima la Lunyamila.

Na hakuwa peke yake. Mwanahamisi Omari akaitwa "Gaucho", jina la Ronaldinho wa Brazil. Tuliwapa kina dada majina ya wanaume kwa sababu hatukuwa na jina la mwanamke wa kuwafananisha naye. Yaani wao ndio walikuwa wa kwanza. Leo mtoto wa kike pale Dodoma anaweza kusema anataka kucheza kama Opa Clement, na kila mtu akamwelewa. Mama zake wa mpira hawakuwa na mtu wa kumtaja.

Ester alikuwa mshambuliaji wa Twiga Stars, timu yetu ya Taifa ya wanawake, katika kizazi kilichobeba timu hiyo miaka ya 2000 na kuendelea. Wakati huo binti akivaa bukta na kushika njia ya uwanjani, mtaa mzima unageuka kumtazama, na si kwa kumpongeza.

Siku tulipofika kwa wakubwa

Mwaka 2010 kizazi hicho kilifanya kitu ambacho hakuna timu yetu ya wanawake iliyowahi kukifanya. Chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, Twiga Stars waliitoa Ethiopia, kisha wakakutana na Eritrea. Nyumbani tukashinda mabao 8-1. Ugenini Asmara ikawa 3-3. Tayari, tumefuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza!

Fainali zilifanyika Afrika Kusini, kuanzia Oktoba 31 mpaka Novemba 14. Kundi letu lilikuwa la moto: wenyeji Afrika Kusini, Nigeria na Mali. Tulifungwa na Afrika Kusini 2-1, tukafungwa na Mali 3-2, na Nigeria wakatumaliza 3-0. Mechi tatu, pointi sifuri, ndege ya kurudi nyumbani.

Ukisoma hayo matokeo haraka haraka utasema walikwenda kushiriki tu. Lakini angalia tena. Kwa wenyeji tulipoteza kwa bao moja, kwa Mali bao moja. Na sasa weka hili pembeni yake: Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza, Mlandizi Queens, akapatikana mwaka 2017. Maana yake ni kwamba wale kina dada walikwenda kupambana na Afrika miaka saba kabla nchi yao haijapata bingwa wa kwanza wa Ligi Kuu! Walikuwa wanacheza ligi za mikoa, mabonanza, na mechi za kirafiki zinazopatikana kwa kubahatisha. Mwanaume wa umri wao alikuwa na Simba, Yanga, mshahara na gazeti la kumwandika kila Jumatatu.

Kwa hiyo hapa wifi yangu ana hoja. Kizazi kile kilitoa miguu yake kwa Taifa wakati soka la wanawake halikuwa na mshiko wa maana. Hakuna aliyeweza kucheza miaka kumi halafu akajenga nyumba tatu. Ndiyo maana swali la "anabaki nani" kwao halikuwa la utani.

Na walibaki nani?

Sophia Mwasikili, beki na nahodha wa Twiga Stars, alivuka mipaka akaenda kucheza soka Uturuki, wakati ambapo wengi wetu hata hatukujua kwamba Uturuki kuna ligi ya wanawake. Mwanahamisi "Gaucho" aliendelea kusakata kabumbu mpaka matunda yakaanza kuonekana. Septemba 2016, kwenye fainali ya Kombe la CECAFA kwa wanawake kule Jinja, Uganda, Tanzania iliifunga Kenya 2-1, na mabao yote mawili yalikuwa yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, kombe hilo tukalibeba tena, safari hii Kigali.

Na Ester? Alipotundika daluga hakuondoka uwanjani. Alihamia kwenye benchi.

Mwaka 2023 JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake. Agosti mwaka huo ikaenda Uganda kwenye mashindano ya kanda, ikaifunga CBE ya Ethiopia kwa mikwaju ya penalti kwenye fainali. Tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikapatikana. Novemba 2023 JKT Queens walikuwa Ivory Coast wakishindana na vigogo wa bara hili, na kocha mkuu aliyesimama pale kwenye mstari akitoa maelekezo alikuwa Ester Chabruma. Yule yule Lunyamila.

Msomaji wangu, naomba usilipite hili harakaharaka. Huyu mwanamke alicheza wakati hakuna Ligi Kuu. Akaisubiri ije. Ilipokuja, akawa mmoja wa watu wanaoiongoza. Kwenye mpira wetu, hata timu nyingi za wanawake bado zinafundishwa na wanaume. Kocha mkuu mwanamke kwenye michuano mikubwa ya Afrika hapatikani kwa kuonewa huruma.

Kufika kwenye benchi lile ni shule. Kuna ngazi za leseni za Shirikisho la Soka Afrika: unaanza na D, unapanda C, kisha B, ndipo A. Kila ngazi ina darasa, mitihani, na kuandika mipango ya mazoezi kwenye karatasi. Unaweza kuwa ulipiga chenga mpaka uwanja ukasimama, lakini ukifika pale huwezi kuandika wala kusoma kilichoandikwa, unaishia kubeba mipira. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichomwandikia wifi yangu kwenye daftari: miguu inakupeleka mpaka mlangoni, kuingia ndani ni kichwa.

Njia si moja

Ukocha ni njia mojawapo. Majirani zetu wametuonyesha nyingine. Uganda, Majidah Nantanda alikuwa nahodha wa timu ya Taifa, kisha akaja kuifundisha timu hiyo hiyo. Mganda mwingine, Jean Sseninde, alicheza Uingereza katika klabu za QPR na Crystal Palace, akaanzisha taasisi yenye jina lake kusaidia mabinti wa kwao wanaopenda mpira.

Afrika Kusini kuna Desiree Ellis. Alikuwemo kwenye kikosi cha kwanza kabisa cha Banyana Banyana mwaka 1993, akawa nahodha, akawa kocha, na mwaka 2022 akawapa nchi yake ubingwa wa Afrika wa wanawake ambao hawakuwahi kuupata. Sasa sikiliza utamu wake. Julai 2025 Twiga Stars walirudi kwenye fainali za Afrika, safari hii Morocco, baada ya kusubiri miaka 15. Mechi ya pili walikutana na Afrika Kusini hao hao, na Ellis akiwa kwenye benchi. Matokeo yakawa 1-1. Ndiyo, mechi nyingine mbili tulifungwa, 1-0 na Mali, 4-1 na Ghana. Lakini ile pointi moja mama zao wa 2010 hawakuipata. Na Oktoba 2025 Twiga Stars wakaitoa Ethiopia tena, wakafuzu fainali zinazofuata. Safari hii hatukusubiri miaka 15.

Halafu kuna filimbi. Jonesia Rukyaa wa Kagera, mwamuzi mwenye beji ya FIFA, alichezesha mechi ya Simba na Yanga Februari 2016. Mwanamke akawaamrisha wanaume 22 mbele ya uwanja uliojaa, na wakatii. Mama yangu alivyosikia hilo alicheka mpaka akakaa chini.

Na usisahau ajira. Timu za majeshi zina kitu ambacho timu nyingi za mtaani hazina: mchezaji anaweza kupata kazi inayobaki hata goti likichoka. Mzazi makini anaangalia hilo kabla ya kuangalia rangi ya jezi.

"Nani atamwoa?"

Haya, sasa twende kwenye swali la bibi. Najua wengi mlikuwa mnalisubiri.

Eti msichana akicheza mpira anakuwa jike dume. Eti miguu inakomaa, sauti inakuwa nzito, mume anakimbia. Haya maneno si ya Bahi peke yake, wala si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1920 kule Liverpool, Uingereza, watu 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park kuangalia wanawake wakicheza mpira. Mwaka uliofuata chama cha soka kikawafungia viwanja kwa madai kwamba mchezo huo haumfai mwanamke. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Brazil, hao hao wa samba, waliwazuia wanawake kucheza kuanzia 1941 mpaka 1979. Wajerumani nao waliwapiga marufuku mwaka 1955 mpaka 1970. Na wanawake wa Ujerumani walipochukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1989, unajua walizawadiwa nini? Seti ya vyombo vya kahawa! Kila mmoja na vikombe vyake, arudi jikoni.

Linganisha na Julai 2025: Nigeria walipobeba ubingwa wa Afrika kwa mara ya 10, zawadi ilikuwa dola milioni 1. Vikombe vya kahawa watanunua wenyewe.

Lakini mimi bibi sikumjibu kwa habari za Ulaya. Nilimjibu kwa ngoma. "Mama," nilimwambia, "muheme inapigwa na nani?" Akanyamaza. Kila Mgogo anajua muheme ni ngoma ya wanawake. Wanaibana katikati ya miguu, wanaipiga kwa mikono yao, jasho linatiririka, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mwanamke anayejua muheme hataolewa. Kinyume chake, anatafutwa. Wageni wakija wanashangaa, kwa sababu kwao ngoma ni ya wanaume. Sisi tumeshazoea. Basi na mpira ni kuzoea.

Na hapa, wanaume mnaosoma ukurasa huu kwa kuibia, naomba niseme nanyi kidogo. Mwanamke mchezaji ana ratiba. Ana kambi ya wiki mbili, ana safari, ana mechi siku ya harusi ya binamu yako. Kama unamtaka kwa sababu umemwona kwenye televisheni, halafu ukishamwoa unamwambia achague mpira au nyumba, hukumpenda yeye, ulipenda picha yake. Na wewe dada, haya myaseme kabla ya mahari, si baada ya fungate. Mwambie: kambi zangu ni hizi, nataka kucheza mpaka umri huu, mtoto tutapanga hivi. Anayekufaa atauliza maswali. Asiyekufaa ataanza kutoa amri.

Mwili, uzazi na goti

Wifi yangu alikuwa na hofu nyingine, hii aliisema kwa kunong'ona: "Si nasikia wanaharibika uzazi?"

Hapana. Kucheza mpira hakumwondolei mwanamke uzazi. Alex Morgan wa Marekani alijifungua Mei 2020, mwaka uliofuata akacheza Olimpiki, na mwaka 2023 akacheza Kombe la Dunia. Anayepaswa kuangaliwa ni binti anayefanya mazoezi makali na chakula hakimtoshi. Huyo hedhi yake inaweza kuvurugika au kukatika, na hilo ni jambo la kumwona daktari, si la kunyamaziwa. Kwa hiyo swali la kuuliza shuleni ni wanakula nini.

Kwenye kazi pia mambo yamebadilika. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kati ya hizo angalau 8 baada ya kujifungua, na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Na si maandishi ya kupamba ukuta. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alidai mshahara wake wa wakati wa ujauzito kutoka klabu ya Lyon ya Ufaransa, kesi ikaenda FIFA, akashinda, akalipwa zaidi ya euro 82,000. Lakini zingatia neno "wa kulipwa". Kanuni inamlinda mwenye mkataba ulioandikwa. Anayecheza kwa ahadi za mdomo hana pa kushika.

Hatari ya kweli iko kwenye goti. Kuna kano ya ndani ya goti, wachezaji wanaiita ACL, ambayo kwa wanawake hukatika mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Ikikatika, ni miezi mingi nje ya uwanja, na kwa asiye na matibabu inaweza kuwa ndiyo mwisho wa safari. Habari njema ni kwamba kuna mazoezi maalumu ya kupasha mwili, yanayoitwa FIFA 11+. Yanachukua kama dakika 20, hayahitaji mashine yoyote, na yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki yanapunguza majeraha. Kocha asiyeyajua si wa kumkabidhi goti la mtoto.

Kwa nini sasa si kama zamani

Nikamwambia kaka: "Ungeniuliza mwaka 2005, ningekwambia mtoto abaki nyumbani asome." Leo siwezi. Aprili 2023 mabinti wa Fountain Gate, shule ya hapo hapo Dodoma, walikwenda Durban kwenye mashindano ya shule za Afrika, wakaifunga timu ya Morocco 3-0 kwenye fainali wakawa mabingwa. Ni watoto wanaokunywa maji ya Dodoma kama wetu.

Na Oktoba 2022 timu ya Taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza Kombe la Dunia India. Walifungwa na Japan 4-0, watu wakaanza kucheka. Mechi iliyofuata wakaifunga Ufaransa 2-1! Wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia. Watoto wa Kitanzania, nane bora duniani.

Kwenye klabu, Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022 na kumaliza nafasi ya nne. Mlango ambao kina Ester waliugonga kwa miaka mingi sasa uko wazi nusu. Nasema nusu, kwa sababu wanaolipwa vizuri bado ni wachache, na wanaoumia na kusahaulika wapo.

Kabla hujasema ndiyo: maswali ya mzazi

Haya ndiyo niliyomsomea wifi yangu Ijumaa jioni. Yakate ubandike ukutani.

*Nani analala nao?* Bweni na kambi ya wasichana lazima iwe na matroni au mlezi mwanamke wa kudumu. Kocha mwanaume hana sababu ya kumwita mtoto peke yake chumbani, hata kwa "kuongea mbinu". Mwambie mwanao hivyo waziwazi, na umwahidi kwamba akisema jambo ataaminiwa.

*Masomo yanaanguka wapi?* Uliza waliomtangulia walipata nini kidato cha nne. Shule yenye makombe mengi na matokeo ya sifuri inakutumia mtoto.

*Akiumia nani analipa?* Bima ipo? Na ada itaendelea kulipwa akikaa nje mwaka mzima na goti lake, au ndiyo anarudishwa nyumbani na begi?

*Kuna karatasi?* Ahadi yote iandikwe: ada, miaka mingapi, nani anamiliki usajili wake. Usitie saini siku hiyo hiyo. Mpelekee mwalimu au mtu anayejua sheria aisome.

*Anajifunza nini kingine cha mpira?* Uamuzi, ukocha wa watoto, huduma ya kwanza. Aanze mapema, asisubiri magoti yagome.

*Na yeye mwenyewe anataka?* Usicheke. Kuna wazazi sasa hivi wameona hela, wanawasukuma watoto uwanjani kama ng'ombe mnadani. Hilo nalo ni kosa.

Ijumaa usiku

Nilivyomaliza kusoma, simu ilikaa kimya. Nikadhani salio limekata.

"Wifi," akasema hatimaye, "kumbe huyo Lunyamila alikuwa na kitu cha kushika baada ya mpira."

"Alikitafuta wifi. Hakukikuta mezani."

"Basi na wa kwangu akitafute. Ila Jumamosi siwatumii jibu kwa simu. Naenda mwenyewe. Nataka nilione hilo bweni, nimwone na huyo matroni. Na karatasi nitakuja nayo uisome kwanza."

Kaka yangu akaguna nyuma. Nadhani alishazoea kwamba mambo makubwa ya nyumba ile yanaamuliwa na mtu wa maneno machache. Bibi naye hakukubali kushindwa moja kwa moja. Alisema sawa, aende, lakini likizo anarudi Bahi kufundishwa muheme, maana hata makocha wanaolewa.

Wa mwisho kushika simu alikuwa mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia. Shangazi, hivi hiyo leseni D wanaanza wakiwa na miaka mingapi?"

Nikacheka. Nikamwambia kwanza akafaulu mtihani wa darasa la saba.

"Sawa. Na daluga zangu zimetoboka kidole gumba. Navaa namba 37."

Kwa hiyo mwezi huu, mpenzi msomaji, bajeti ya viatu vyangu vya ofisini imekwenda Bahi. Je, wewe binti yako akikuletea barua kama ile, utamjibu nini? Na wewe uliyewahi kuvaa jezi, ukatundika daluga, umebaki nani? Tuandikie. Kuna mama mahali fulani ana mpaka Jumamosi.